Siri za nyumba za Dar: zifukuliwe au zilale?

Mpwa wangu alikuja likizo kutoka Songea, nikamtembeza mjini kwa miguu, maana mji wa zamani wa Dar es Salaam hauonekani ukiwa ndani ya gari. Tulipofika Kisutu akasimama, akanyoosha kidole kwenye ghorofa moja lililochakaa. Juu kabisa, mahali ambapo hupaoni mpaka shingo ikuume, palikuwa na jina la ukoo wa Kihindi na mwaka, vyote vimefinyangwa kwa saruji.

"Mjomba, huyu ni nani?"

Sikuwa na jibu. Mzee aliyekuwa barazani na kikombe chake cha kahawa akajibu bila kuulizwa: "Hiyo nyumba ya Msajili hiyo." Kisha akaendelea na kashata yake.

Neno lile nalijua tangu utoto, lakini sikuwahi kulisikia likitumika kujibu swali la "ni nani". Jina la mtu liko wazi juu ya ukuta, na ukiuliza mwenye nyumba unatajiwa ofisi ya serikali.

Nalileta hili kwa sababu hadithi za majengo zimekuwa biashara. Fungua simu yako, hutakosa video yenye sauti nzito na muziki wa kutisha: siri iliyofichwa chini ya kanisa fulani, usiyoyajua kuhusu msikiti fulani, ukweli wa kutisha kuhusu jengo unalopita kila siku. Watu wanatazama kwa maelfu. Wapo wanaofurahi kwamba hatimaye vijana wanaijua historia ya mji wao. Wapo pia wanaokunja uso na kusema nyumba za ibada ziachwe na heshima zao, na yaliyopita si ndwele. Nimekaa na kundi la kwanza, nimekaa na la pili, na kila nikitoka nahisi wote wamekosea jambo lilelile: wanaziita siri.

Chukua mfano ninaoupenda kuliko yote. Karibu na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, kwenye barabara inayopakana na bandari, ipo nyumba inayoitwa Atiman House. Ilijengwa miaka ya 1860, wakati Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipokuwa akikigeuza kijiji cha Mzizima kuwa mji wake mpya, na masimulizi yanasema ndimo walimokaa wanawake wa nyumba yake. Majid alifariki mwaka 1870, mji wake ukalala. Mwaka 1922 nyumba hiyo ikauzwa kwa Wamisionari wa Afrika, wale Mapadre Weupe wa kanzu na rozari shingoni. Kama masimulizi ni ya kweli, nyumba ya masuria ikawa nyumba ya wanaume walioapa kutooa. Hapo mtengeneza video angesimamisha kamera, apate mibofyo yake na kuondoka.

Lakini utamu uko kwenye jina. Adrian Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866, yaani ni rika moja na nyumba yenyewe, huko karibu na Timbuktu. Alitekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa, na Mapadre Weupe wakamkomboa kwa fedha nchini Algeria. Walimpeleka Malta kusomea utabibu. Akaja na msafara hadi Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, mwaka 1889, akaoa huko, akatibu watu huko, akafariki huko mwaka 1956. Kwa hiyo nyumba ya sultani ambaye dola yake ilinenepa kwa biashara ya watumwa leo inaitwa kwa jina la mtu aliyewahi kuwa mtumwa. Na mwaka huohuo nyumba ilipouzwa, 1922, ndipo Waingereza walipoufuta utumwa Tanganyika kwa sheria. Sidhani kama kuna mtu aliyepanga hilo la mwisho. Historia nayo ina mizaha yake.

Sasa, hiyo ni siri? Jina liko mlangoni na mwaka umeandikwa vitabuni. Kinachokosekana ni mtu wa kusimama pale, atafune lile neno moja, utumwa, bila kulimeza haraka haraka. Na hapo ndipo wanaopinga wanapokuwa na hoja nzito kuliko wanavyosifiwa.

Hoja yao ya kwanza ni kwamba nyumba ya ibada si makumbusho. Mama anayeingia kanisani saa sita mchana na ombi lake hahitaji kukuta kundi la watalii wakielezwa nani aliuawa na nani. Ni kweli. Lakini tazama kanisa hilohilo la Mtakatifu Yosefu. Wajerumani walianza kulijenga mwishoni mwa miaka ya 1890 na likatabarukiwa mwaka 1905. Mwaka huohuo, mwezi Agosti, Askofu Cassian Spiss, mtawa wa shirika la Wabenediktini aliyekuwa mkuu wa misheni ya Kikatoliki hapa Dar, aliuawa pamoja na wenzake wanne na wapiganaji wa Maji Maji, wakiwa safarini kutoka Kilwa kuelekea Peramiho. Kwa Kanisa, huyo ni mchungaji aliyemwaga damu njiani. Mpwa wangu, mtoto wa Songea, amekulia mahali ambapo kila Februari 27 wanakumbukwa wazee walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906 kwa sababu ya vita hivyohivyo. Kwake wapiganaji wa Maji Maji ni mashujaa, wana makumbusho na sanamu zao.

Kibao cha ukutani kingeandikaje? "Aliuawa" na nani: waasi, mashujaa, wazalendo? Kila neno lina mwenyewe atakayekasirika. Nilimweleza mpwa wangu tukiwa tumekaa kwenye benchi la nyuma, kwa sauti ya chini. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama huyo askofu alijua watu wanalimishwa pamba kwa viboko. Nikamwambia hilo ni swali zuri na kwamba tulizungumze nje. Nakiri hapo nilifanya kilekile ninachowalaumu wengine.

Hoja ya pili ya wanaopinga ni ya mfuko. Jengo likishaitwa la kihistoria, mwenyewe amefungwa mikono. Kiwanja cha Posta au Kisutu ni mali ya mabilioni. Kibanda cha ghorofa mbili kinakaa mahali ambapo ghorofa ishirini zingesimama. Wanaharakati wa majengo ya kale hupenda kumchora mwenye kiwanja kama mtu asiye na utu, na si haki. Ukimwambia mtu ahifadhi kwa faida ya taifa, taifa nalo lichangie rangi na bati.

Tena sheria yenyewe ina kichekesho. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Majid alianza kuujenga mji wake miaka miwili au mitatu baada ya hapo. Boma la Kale, pale Sokoine, lilijengwa mwaka 1866 na 1867. Maana yake mji mzima wa Dar es Salaam, tangu jiwe lake la kwanza, umechelewa basi. Ili jengo lilindwe, lazima waziri alitangaze. Milango ya nakshi imebahatika zaidi: sheria hiyohiyo inaitambua iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Unaweza kuwa na mlango unaolindwa kwenye nyumba isiyolindwa.

Boma la Kale limepona, na leo ndani yake kuna kituo cha urithi wa usanifu wa majengo ya jiji. Mengine mengi hayakuwa na bahati hiyo.

Turudi Kisutu, maana hapo ndipo mjadala unapouma. Aprili 1971 ilipitishwa sheria ya kutwaa majengo. Nyumba yenye thamani ya shilingi 100,000 au zaidi ambayo mwenyewe hakuwa akiishi peke yake bali anapangisha, ikachukuliwa na serikali. Iliyozidi umri wa miaka kumi haikulipiwa fidia. Akaundwa Msajili wa Majumba kuzisimamia, mpaka mwaka 1990 zilipowekwa chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. Kwenye karatasi sheria haikutaja kabila wala rangi. Mitaani, walioguswa walikuwa zaidi Wahindi, kwa sababu wao ndio walioijenga sehemu hiyo ya mji.

Upande mmoja unasema, na nauelewa vizuri: mji huu uligawanywa na Mjerumani, Mwingereza akaendeleza. Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja katikati ukiwa kama uzio wa kuzuia harufu zetu. Azimio la Arusha lilikuwa limeshatangazwa mwaka 1967, na mwenye nyumba anayekula kodi bila jasho alikuwa mfano wa kitabuni wa mnyonyaji. Kwa Msajili, mtumishi wa serikali mwenye mshahara mdogo aliweza kupata chumba kwenye mtaa ambao babake alikuwa akiupita tu na mzigo kichwani. Kumwambia mtu huyo kwamba ile ilikuwa dhuluma tupu ni kumtukana.

Upande wa pili nao una sura. Yule "bepari" mara nyingi alikuwa mjane mwenye ghorofa moja, duka chini, wapangaji kati, yeye juu. Akiba ya maisha ilikuwa kwenye tofali kwa sababu ndiyo benki aliyoiamini. Wengine waliamka kesho yake wakiwa wapangaji wa serikali ndani ya vyumba walivyojenga baba zao. Wengi wakaondoka, Kanada, Uingereza, wakaacha majina yao juu ya paa.

Hapo ndipo naona kwa nini watu wanasema yalale. Ukimpa mtu wa leo, mwenye hasira zake za maisha, hadithi hii nusu, atajenga nayo chuki. Akipewa nusu ya kwanza atasema Wahindi walistahili. Akipewa ya pili atasema Mwalimu alikuwa mwizi. Video ya dakika tatu haina nafasi ya nusu mbili. Lakini kunyamaza nako kumezaa kitu: vijana wanaopanga kwenye vyumba vile leo wanadhani zimejengwa na serikali. Bora lawama zenye ukweli kuliko shukrani isiyo na mwenyewe. Huo ni msimamo wangu, na najua ni rahisi kwangu kuusema kwa kuwa hakuna aliyechukuliwa nyumba kwetu.

Hata majina ya kifahari tunayatamka tukiwa tumelala. Tunakwenda harusi ukumbi wa Diamond Jubilee, tunacheza, tunarudi. Jina linatoka kwenye yubile ya almasi ya Aga Khan III, kiongozi wa kidini wa Waismailia, ambaye Agosti 10, 1946, hapahapa Dar es Salaam, alipimwa uzito kwa mizani yenye almasi upande wa pili. Kutokana na yubile hiyo ukaanzishwa mfuko wa uwekezaji uliowakopesha Waismailia wa Afrika Mashariki wajenge na kufanya biashara. Tena si hadithi ya utajiri peke yake. Ni hadithi ya jamaa waliogundua kwamba benki za wakoloni hazitawakopesha, wakatafuta njia. Kuna somo la vikoba mle.

Nikaenda na mpwa wangu hadi kwenye Sanamu ya Askari. Hii ndiyo siri iliyosimama hadharani kuliko zote. Kabla ya askari huyu wa shaba, Wajerumani walikuwa wamemsimamisha mjini kamanda wao Hermann von Wissmann, aliyeizima vita ya Abushiri, yaani upinzani wa watu wa pwani dhidi ya Wajerumani. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakamng'oa. Akaishia Hamburg, ambako wanafunzi wa chuo kikuu walimwangusha mwaka 1968. Mwaka 1927 ndipo akasimama askari wetu. Chini yake kuna maandishi ya Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu yaliyotungwa na Rudyard Kipling, yanayomwahidi aliyekufa vitani kwamba watoto wake watalikumbuka jina lake. Tuliizunguka sanamu mara mbili tukitafuta jina. Hakuna hata moja.

Na askari gani? Sanamu inawakumbuka waliomtumikia Mfalme wa Uingereza. Wengi wa mji huu walipigana upande wa pili. Kleist Sykes, kwa mfano. Babake, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu aliyeletwa na Wissmann kutoka Msumbiji kuja kupigana na Abushiri. Kleist mwenyewe alipigana Vita Kuu ya kwanza upande wa Wajerumani. Baada ya vita alikuwa katibu mwanzilishi wa African Association, iliyoanzishwa mwaka 1929 na ambayo ofisi yake ilikuwa New Street, mtaa tunaouita Lumumba. Julai 7, 1954, humohumo, ikazaliwa TANU. Kadi namba 1 ilikuwa ya Nyerere, namba 2 ya Ally Sykes, namba 3 ya Abdulwahid Sykes, wote wawili watoto wa Kleist. Kwa vizazi vitatu, familia moja imetoka kwenye bunduki ya mkoloni hadi kwenye kadi ya chama kilichomtoa mkoloni.

Nyumba ile ya awali haipo tena. Ofisi ya chama iliyopo ni jengo jipya. Na ugomvi juu yake bado mbichi. Wapo wanaosema historia rasmi iliwafuta wazee wa Kariakoo na Gerezani, wengi wao Waislamu, ikabakiza mwalimu mmoja kutoka Pugu. Wapo wanaojibu kwamba kuhesabu dini za waasisi ni kuleta udini ambao waasisi wenyewe waliukimbia. Wa pili wana sababu ya kuogopa. Nchi jirani zimetufundisha. Ila dawa wanayotoa ni mbaya. Ukiyataja majina yale kwa kawaida, kama unavyotaja mtaa, hayana sumu. Sumu huingia pale mtu anapoyagundua akiwa na miaka thelathini, usiku, kwenye video, na kuambiwa kwamba yalifichwa kwa makusudi.

Lipo kosa la upande wa kufukua ambalo halisamehewi kirahisi: kunogesha. Kila mkoa una mtu aliyeuza shamba kwa sababu ya fununu za mali ya Mjerumani iliyofukiwa chini ya msingi wa jengo. Pale Unguja, wageni huonyeshwa vyumba vya chini kwa chini jirani na kanisa la Waanglikana lililojengwa kwenye soko la watumwa, wakaambiwa ndimo walimofungwa. Kwamba soko lilikuwa pale ni hakika, lilifungwa mwaka 1873. Ila kuhusu vyumba vile, wapo wanahistoria wanaotilia shaka, kwa kuwa jengo lililo juu yake ni la baada ya soko kufungwa. Ukweli uliopo juu ya ardhi unatosha kumliza mtu. Ukiongeza shimo, anayeligundua shimo la uongo atatilia shaka na soko la kweli.

Na hadithi hizi zinahifadhiwa wapi? Kwa muda mfupi zilikuwa kwenye blogu. Mwaka 2018 zilipokuja kanuni za maudhui ya mtandaoni, zenye ada na leseni zilizofika zaidi ya shilingi milioni mbili kwa mwaka wa kwanza, baadhi ya wenye blogu walifunga. Ikabaki anwani isiyofunguka. Wenye kanuni walikuwa na hoja yao ya kuzuia uzushi, na nimetoka kusema hapa uzushi upo. Lakini mzushi mwenye matangazo alilipa. Mstaafu aliyekuwa akiandika habari za mtaa wake kwa hiari hakuweza. Nyumba ya matumbawe imedumu zaidi ya miaka mia moja na hamsini, tovuti iliyoisimulia haikumaliza kumi.

Wiki iliyofuata, mpwa akiwa ameshapanda basi, nilirudi Kisutu peke yangu. Nikamkuta mzee palepale.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Yule kijana wa maswali yuko wapi?"

Nikamwambia amerudi kwao, maswali kaniachia mimi. Akasogea nikakaa. Akanisimulia: duka la vitambaa lilikuwa hapa chini, mama mwenye nyumba alikuwa juu, sikukuu yao wakigawa vitamu kwa watoto wa mtaa mzima, yeye akiwamo. Siku tangazo lilipotoka redioni yule mama hakufungua duka. Babake mzee huyu, aliyekuwa karani, ndiye aliyepewa vyumba viwili vya nyuma mwaka uliofuata. "Tulifurahi," akasema. "Mama yangu alilia, lakini alifurahi."

Nikamwomba niandike. Akafikiri, akazungusha kikombe mkononi.

"Andika. Ila jina lao usilitie."

Nikamwambia, mzee, jina liko juu pale kwenye saruji, kila apitaye analiona.

Akacheka mpaka akakohoa. "Nani anatazama juu?"